Manahodha watatu katika bahari moja

Februari 2009 meli iitwayo Faina iliingia Kilindini ikiwa imechelewa zaidi ya miezi minne. Tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine, na muda wote huo ilikuwa imeshikiliwa na maharamia kwenye pwani ya Somalia, huku manowari za Marekani zikiilinda kwa mbali ili shehena ile isije ikashushwa kwa watu wasiotakiwa. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa meli mjini Mombasa. Siku ile wengi wetu tuliacha makaratasi mezani tukaenda kuchungulia, na ninachokikumbuka zaidi si vifaru, ambavyo sikuviona vizuri, bali kutu iliyokuwa imeota ubavuni mwa meli kama ya sufuria iliyosahauliwa nje masika mazima. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vyake. Watu wengi waliamini kwamba vilikuwa vikienda kusini mwa Sudan. Mjadala huo nauacha bandarini. Ninaitaja Faina kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza ni nani hasa anayeilinda bahari hii, na swali hilo likanipeleka mbali kuliko nilivyodhani, hadi kwenye siasa za ulinzi wa Ulaya na uhusiano wake na Marekani.

Kabla ya miaka ile, mtu angeniuliza Ulaya inalindwa na nani ningemjibu kwa neno moja tu, NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, na ningeona nimemaliza. Kwamba jibu ni refu zaidi nilijifunza kwa kujaza fomu. Nahodha aliyetaka kupita Ghuba ya Aden alitakiwa aiandikishe safari yake katika kituo kilichokuwa Northwood, pembezoni mwa London, kituo ambacho kiliendeshwa na Umoja wa Ulaya. Kisha alitakiwa awe akituma taarifa za mahali alipo kwa ofisi ya Waingereza iliyokuwa Dubai. NATO nayo ilikuwa na kituo chake cha kuzungumza na meli za biashara, na Wamarekani walikuwa na ofisi yao ya uhusiano Bahrain. Fomu ziliuliza mambo yaleyale: jina la meli, mwendo wake, shehena, idadi ya mabaharia na uraia wao, siku ya kufika kwenye mlango wa ghuba, na kimo cha sitaha kutoka usawa wa maji. Kimo hicho ndicho kilichokuwa roho ya fomu, kwa sababu meli iliyojaa mzigo huzama zaidi, na ngazi ya haramia huifikia sitaha yake bila taabu.

Ndani ya ghuba kulikuwa na njia maalumu, na meli zilipangwa makundi kwa mwendo wao, zile za maili kumi za baharini kwa saa zikitangulia na zile za kumi na nane zikiondoka baadaye, kwa hesabu ambayo iliyafanya makundi yote yawe pamoja usiku mahali palipokuwa na hatari kubwa. Mpango ule ulinivutia kwa usafi wake. Mahali penyewe palikuwa na manowari za misafara mitatu mikubwa: msafara wa Umoja wa Ulaya ulioitwa Atalanta, ulioanza Desemba 2008, msafara wa NATO ulioitwa Ocean Shield, ulioanza mwaka uliofuata, na kikosi cha mataifa mbalimbali kilichojulikana kwa namba 151, kilichoundwa Januari 2009 chini ya makao yaliyoongozwa na Marekani huko Bahrain. Wachina, Wahindi, Wajapani na Warusi walikuja kwa manowari zao wenyewe.

Ofisini tulikuwa na mzee mmoja ambaye sote tulimwita Ami, mtu aliyekuwa amesafiri majahazini hadi Muscat ujanani mwake. Siku moja alinikuta nikiijaza taarifa ileile kwa mara ya tatu.

“Hao ni watu wamoja au watu mbalimbali?” aliniuliza.

“Ni walewale, Ami. Mjerumani yumo huku na yumo huku.”

“Basi ngoja utaona. Manahodha wengi chombo huenda mrama, mwanangu.”

Ami alikuwa na kila sababu ya kusema hivyo, lakini chombo hakikwenda mrama. Ofisi ya kimataifa inayohesabu matukio ya uharamia iliandika mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali mwaka 2011, yakashuka hadi 75 mwaka 2012 na 15 tu mwaka 2013. Walinzi wenye silaha ndani ya meli za biashara walichangia sana, na nyaya za miiba na mabomba ya maji pia, lakini hakuna aliyefanya kazi baharini miaka ile atakayekataa kwamba manowari zilisaidia. Swali lililonibaki ni kwa nini nchi zilezile zilihitaji misafara miwili ya kujitegemea, wa Umoja wa Ulaya na wa NATO, na zaidi ya hapo, ni vipi misafara hiyo ilifanikiwa kuelewana.

Sehemu ya jibu ilionekana katika bendera. Denmark ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini baada ya raia wake kuukataa Mkataba wa Maastricht, uliouanzisha Umoja huo, mwaka 1992 ilipewa ruhusa ya kutoshiriki mambo ya kijeshi ya Umoja huo. Kwa hiyo manowari zake zilikuja kwetu chini ya NATO. Sweden na Finland zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya lakini nje ya NATO, hivyo zilikuja na Atalanta. Norway ilikuwa kinyume chake, mwanachama wa NATO asiye mwanachama wa Umoja, na bado ilileta manowari yake kwa Atalanta. Uturuki haikutaka habari za Atalanta. Ilikuja na NATO na kikosi cha 151, na hata ikapewa zamu ya kukiongoza kikosi hicho. Na msafara wa kwanza wa majini katika historia ya Umoja wa Ulaya uliongozwa na amiri wa Uingereza, nchi ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele kuuzuia Umoja usijijengee makao makuu ya kijeshi.

Makao ya Atalanta yalikuwa Northwood. Makao ya NATO yaliyouongoza Ocean Shield nayo yalikuwa Northwood, ndani ya ua uleule. Maofisa wa pande mbili wangeweza kukutana kwenye foleni ya chakula cha mchana, lakini kwa karatasi rasmi jumuiya zao mbili zilikuwa haziwezi kukaa mezani na kupanga pamoja operesheni ile. Sababu ni Kipro. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya na NATO walikubaliana juu ya mpango unaoitwa Berlin Plus, ambao unauruhusu Umoja kutumia makao, wapangaji na zana za NATO pale ambapo NATO yenyewe haikutaka kuingia. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2004, Kipro ikajiunga na Umoja. Uturuki, ambayo majeshi yake yako kaskazini mwa kisiwa hicho tangu 1974 na ambayo haiitambui serikali ya Nikosia, ikakataa Kipro ishiriki vikao vya siri za NATO. Kipro nayo ikatumia nafasi yake ndani ya Umoja kujibu mapigo. Tangu hapo kikao rasmi cha pande mbili kikawa na ajenda moja tu halali, ile ya Bosnia, ambako Umoja ulikuwa umechukua ulinzi kutoka kwa NATO Desemba 2004 kwa mpango huo.

Walioelewana ni watu wa chini. Bahrain kulifanyika vikao vya mara kwa mara ambavyo havikuwa na hadhi ya kidiplomasia, ambamo makamanda wa misafara yote, Wachina na Wahindi wakiwemo, walikaa na kugawana maeneo na zamu. Kulikuwa na mtandao wa mawasiliano ulioitwa Mercury, usio na siri yoyote ya kijeshi, ambamo manowari ya nchi yoyote iliweza kuona meli gani inaomba msaada na nani yuko karibu. Nahodha aliyeita kwenye chaneli ya 16, ile ya redio ya wito wa dharura baharini, alijibiwa na aliyekuwa karibu, na hakuuliza ni wa msafara upi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi habari za ushirikiano wa Ulaya na Marekani huandikwa kana kwamba zinaanzia na kuishia kwenye picha za marais. Mimi niliiona kazi yenyewe ikifanywa na manaibu kamanda waliochoka, kwa simu na kwa barua pepe fupi.

Mgawanyiko huo hata hivyo haukuzuka tu, una historia ndefu. NATO iliundwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi kumi na mbili. Mwaka uliofuata Wafaransa walipendekeza jeshi moja la Ulaya Magharibi ambalo Wajerumani wangeingizwa humo bila kupewa jeshi lao wenyewe. Mkataba ukasainiwa mwaka 1952, na tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa hiyohiyo likauzika. Ujerumani Magharibi ikaingia NATO mwaka 1955, na kuanzia hapo ulinzi wa Ulaya ukawa kazi ambayo Mmarekani ndiye anayeshika usukani wake. Kamanda mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya amekuwa Mmarekani tangu yule wa kwanza, Jenerali Eisenhower, na katibu mkuu wa jumuiya amekuwa mtu wa Ulaya. Rais de Gaulle aliyatoa majeshi ya Ufaransa chini ya amri hiyo mwaka 1966, makao yakahama kutoka Ufaransa hadi Ubelgiji, na Ufaransa ikarejea mwaka 2009.

Kilichofufua wazo lililozikwa mwaka 1954 ni aibu ya Balkani, ambako watu wa Ulaya waliangalia vita mlangoni mwao na kulazimika kumngoja Mmarekani. Desemba 1998, Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair na Rais wa Ufaransa Jacques Chirac walikutana Saint-Malo, Ufaransa, wakakubaliana kwamba Umoja wa Ulaya uwe na uwezo wa kijeshi wa kujitegemea. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, alijibu haraka kwa masharti matatu: Ulaya isijitenge na NATO, isirudie kazi ambayo NATO tayari inaifanya, na isizibague nchi za NATO ambazo si wanachama wa Umoja. Ukiyasoma masharti hayo huku ukikumbuka Uturuki, Norway na ile misafara miwili ya baharini, utaona kwamba yalikuwa utabiri zaidi kuliko onyo. Mwaka 1999 viongozi wa Umoja waliahidi kwamba ifikapo 2003 wangeweza kupeleka askari 60,000 ndani ya siku 60. Ahadi hiyo haikutimia. Baadaye ikapunguzwa ikawa vikosi vidogo vya askari wapatao 1,500, vilivyokuwa tayari kikamilifu tangu 2007, na ambavyo havikupelekwa vitani hata mara moja.

Mara ya kwanza Umoja wa Ulaya kupeleka askari nje ya bara lake bila msaada wa NATO, ulikwenda kwa watu wanaozungumza lugha hii. Juni 2003 kikosi kilichoitwa Artemis, wengi wao Wafaransa, kiliingia Bunia katika jimbo la Ituri, kwa ruhusa ya Baraza la Usalama, kikitumia uwanja wa ndege wa Entebbe kama kituo cha nyuma. Kiliutuliza mji wenyewe, hakikutoka sana nje yake, na kikaondoka Septemba, kama kilivyoahidi tangu mwanzo. Watu wa vijiji vya jirani waliendelea kuuawa. Kwa Brussels hata hivyo Artemis ilikuwa ushindi mkubwa, kwani ilikuja miezi michache tu baada ya Ulaya kupasuka vipande viwili juu ya vita vya Iraki. Aprili ya mwaka huohuo Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zilikuwa zimependekeza makao makuu ya kijeshi ya Ulaya yajengwe Tervuren, na Wamarekani wakawadhihaki kuwa ni genge la watengeneza chokoleti. Mkongomani yeyote anayeishi Ubelgiji anaijua Tervuren kwa sababu nyingine, jumba la makumbusho lililojaa vitu vilivyotolewa Kongo. Makao hayo hayakujengwa, na hadi leo ofisi ya Umoja inayopanga operesheni za kijeshi, iliyoundwa Brussels mwaka 2017, ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya NATO iliyoko Mons.

Tatizo la Ulaya si uchache wa askari. Ukizihesabu nchi zote za Umoja utapata zaidi ya milioni moja waliovaa sare. Kinachokosekana ni vile vitu ambavyo havionekani kwenye gwaride: ndege za kujaza mafuta angani, setilaiti za upelelezi, ndege kubwa za kubeba mizigo mizito, mitambo ya kuongoza vita kutoka mbali, na akiba ya makombora. Libya ilionyesha hayo bila huruma. Vita vilianza Machi 2011, Uingereza na Ufaransa zikiwa mbele, na tarehe 10 Juni Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alisimama Brussels akawaambia wenzake kwamba majuma kumi na moja ya kupigana na nchi yenye jeshi dhaifu yalitosha kuwafanya wengi wao waanze kupungukiwa risasi na mabomu, na Marekani ikalazimika kuziba pengo. Gates alikuwa akiondoka madarakani, ndiyo maana alisema wazi. Wengi walimpigia makofi, kisha bajeti za ulinzi zikaendelea kukatwa kwa miaka mingine mitatu.

Kuna upande mwingine wa sera hii ambao wasomaji wa Bujumbura, Kampala na Nairobi wanaujua kwa mfukoni. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ndio uliolipa posho za askari wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi kabla ya makato ya serikali yake, na mwaka 2016 ukazipunguza kwa asilimia 20. Fedha zilitoka kwenye mfuko maalumu wa amani ya Afrika ulioanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2021 mfuko huo uliunganishwa na mwingine kuwa mfuko mmoja wa dunia nzima, wenye euro bilioni 5 za kutumika hadi 2027, ambao kwa mara ya kwanza ungeweza kununua hata silaha za kuua. Waafrika kadhaa walionya wakati huo kwamba chungu cha Afrika kikishamiminwa kwenye pipa, hakuna atakayejua tena kilikuwa na kiasi gani. Mwaka mmoja haukupita kabla pipa halijaanza kuchotwa kwa ajili ya Ukraine, na kufikia 2024 lilikuwa limepanuliwa hadi euro bilioni 17. Sisemi Ukraine haikustahili. Ninasema walioonya walionya kwa haki.

Hapo ndipo Ukraine inaporudi katika habari hii, na inarudi kwa njia ya bahari yetu. Mwaka 2013 manowari kuu ya Ukraine, Hetman Sahaidachny, ilifanya doria ya kuzuia uharamia chini ya msafara wa NATO, na mwanzoni mwa 2014 ikahamia Atalanta. Ilipokuwa njiani kurudi nyumbani Urusi ilikuwa ikiiteka Krimea, ambako kulikuwa na kituo chake, ikalazimika kwenda kutia nanga Odesa. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia nchi nzima, manowari hiyo ilikuwa ikifanyiwa matengenezo Mykolaiv, na mabaharia wake wenyewe waliizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Chombo kilichohudumia misafara yote miwili ya Ulaya kiliishia chini ya maji bila msafara wowote kuja kukitetea, kwa sababu Ukraine haikuwa mwanachama wa jumuiya yoyote kati ya hizo mbili, na mtu akiwa nje ya mkataba hupewa silaha na pole, hapewi askari.

Vita hivyo viliyafanya yale ambayo mikutano ilishindwa kuyafanya kwa miaka thelathini. Wadenmaki walipiga kura ya maoni tarehe 1 Juni 2022, theluthi mbili yao wakaifuta ile ruhusa ya 1992. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ikaingia NATO Aprili 2023, na Sweden Machi 2024 baada ya kucheleweshwa na Uturuki na Hungaria. Mafumbo ya bendera niliyokuwa nikiyafumbua kwenye fomu zangu yakapungua ghafla. Lakini viwanda havipigi kura. Machi 2023 Umoja uliahidi kuipatia Ukraine risasi milioni moja za mizinga ndani ya miezi kumi na miwili, na muda ulipokwisha ulikuwa umefikisha takriban nusu. Tume ya Ulaya yenyewe ilikuwa imekwishaeleza sababu miaka kadhaa kabla: nchi za Ulaya zilikuwa na aina 17 za vifaru vikubwa vya kivita, Marekani moja. Kila aina ina vipuri vyake, mafundi wake, kiwanda chake na mbunge wake wa kukitetea kiwanda hicho, na huyo wa mwisho ndiye mgumu zaidi kumwondoa.

Wanaposema juu ya Marekani na Ulaya, waandishi wetu wa Kiswahili hupenda kusema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi naona methali hiyo haitoshi hapa, kwani ndugu mwenyewe alitaka ategemewe. Kwa kulinda yeye, Marekani ilipata vituo, wateja wa ndege zake, na kauli ya mwisho katika kila jambo zito. Kilichobadilika si hesabu ya fedha tu. Januari 2025 Trump, akiwa bado rais mteule, akiulizwa kuhusu Greenland, ambayo iko chini ya Denmark, mshirika mwenzake wa NATO, alikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu za kijeshi. Machi mwaka huohuo Marekani ilisimamisha kwa siku kadhaa silaha na taarifa za kijasusi kwa Ukraine, na kila jemadari wa Ulaya akajiuliza ni nini kingezimika kwake siku kama hiyo. Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO, ambacho watu hukitaja kama kiapo cha damu, kinamtaka kila mwanachama, mwenzake akishambuliwa, achukue hatua anazoona yeye kuwa zinahitajika. Maneno hayo, anazoona yeye, yamekuwepo tangu 1949. Kiliwahi kutumika mara moja tu, Septemba 2001, na aliyesaidiwa alikuwa Marekani.

Kwa hiyo fedha zimemwagika. Juni 2025 huko The Hague wanachama wa NATO waliahidi kufikia asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, asilimia 3.5 ikiwa ya majeshi yenyewe na iliyobaki ya miundombinu na mambo yanayohusiana nayo. Hispania ikasema waziwazi haitafika huko. Umoja wa Ulaya ukafungua mkopo wa euro bilioni 150 kwa ajili ya kununua silaha kwa pamoja, kwa sharti kwamba vipuri vya kutoka nje ya Ulaya visizidi asilimia 35 ya gharama. Wakati huohuo nchi nyingi za Ulaya zinainunulia Ukraine silaha za Kimarekani kwa fedha zao, chini ya mpango uliotangazwa Julai 2025. Huku wanajitenga, huku wananunua. Sioni unafiki hapo. Mtu anayejenga nyumba yake huendelea kulipa kodi ya anayopanga mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Shaka yangu iko kwingine. Miaka ile ya Northwood karatasi zilikuwa mbovu na watu waliaminiana, kwa hiyo kazi ilifanyika. Sasa karatasi ni nyingi na nzuri, mikataba, mikopo, ramani za hadi 2030, na kinachopungua ni kile kisichoandikwa, yaani uhakika kwamba ukiita kwenye chaneli ya 16 aliye karibu atajibu bila kuuliza kwanza wewe ni wa nani na umelipa kiasi gani.

Bahari ya Shamu imeonyesha hilo. Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli mwishoni mwa 2023, Marekani iliunda msafara wake Desemba ya mwaka huohuo. Ufaransa, Italia na Hispania hazikutaka manowari zao ziwe chini ya amri ya Marekani, na Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukaanzisha wake, Aspides, neno la Kigiriki lenye maana ya ngao, wenye makao Larissa huko Ugiriki na wenye amri ya kujilinda tu bila kupiga nchi kavu. Misafara miwili tena, katika maji yaleyale. Tofauti ni kwamba safari hii, Machi 2025, ujumbe wa siri wa wakubwa wa Washington ulipovuja, ulimwonyesha Makamu wa Rais J. D. Vance akilalamika kwamba anachukia kuiokoa Ulaya kwa mara nyingine, kwa kuwa njia ile ni ya biashara ya Ulaya zaidi kuliko ya Marekani. Maofisa wa miaka ya Mercury nao pengine walikuwa na manung'uniko yao, lakini hawakuyaweka kwenye hesabu.

Fomu ya kuandikisha safari bado ipo. Uingereza ilipokuwa ikijitoa katika Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, makao ya Atalanta yalihama Northwood yakaenda Rota, Hispania, na kituo cha kuandikisha meli kikahamia Brest, Ufaransa, wakati ile ofisi nyingine ya taarifa ikibaki mikononi mwa Waingereza. Ami alikuwa amekwisha kustaafu. Nilichukua daftari letu la anwani, nikapiga mstari mwekundu juu ya Northwood, nikaandika Brest pembeni, na safu nyingine zote sikuzigusa. Wiki ileile nahodha mmoja Mfilipino, aliyekuwa akingoja gati nje ya Likoni, alipiga simu kuuliza apeleke wapi taarifa zake sasa, Brest au kwa Waingereza. Nikamwambia apeleke kote kuwili, kama zamani.